Friji juu inagandisha, chini maziwa yanachacha: ni gesi au feni?

*"Fundi, habari za kazi. Nina friji ya milango miwili, friza iko juu, aina ya nofrosti. Niliinunua mpya miaka minne iliyopita. Niko Tanga. Mwezi wa tatu ilianza kupiga kelele ndani ya friza, krrr krrr, kama feni inakwaruza kitu. Ukifungua mlango inanyamaza. Baada ya siku kadhaa kelele ikaisha yenyewe, nikamshukuru Mungu, kumbe ndiyo kwanza tabu inaanza: huku chini baridi ikapotea. Maziwa yanachacha kwa siku moja, mboga zinanyauka, ila juu nyama inaganda, ingawa si kama zamani. Tukapata msiba Korogwe, nikaizima siku mbili. Niliporudi nikaiwasha, ikafanya kazi kama mpya! Siku ya tisa ikarudia yale yale. Nikaita fundi, akaja asubuhi, akasema gesi imeisha, akajaza, akaondoka jioni. Ikapiga kazi siku kumi, ikagoma tena. Fundi wa pili anasema kompresa imechoka, ninunue nyingine. Shemeji yangu ananishauri niweke feni ya kusimama kwa nyuma iipoze mota. Nauza juisi ya ukwaju na maji ya baridi hapa nyumbani, kila siku ni hasara. Tatizo ni gesi, kompresa au feni? Na je, naweza kufungua mwenyewe?"*

Pole kwa msiba, dada, na pole kwa ukwaju uliomwagwa. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimeona jibu umelitoa mwenyewe bila kujua, pale uliposema uliizima siku mbili ikarudi kama mpya. Hakuna neno zito kuliko hilo katika yote uliyoandika. Wale mafundi wawili wangekuuliza tu, "Iliwahi kupona yenyewe?", wasingefika kwenye gesi wala kompresa.

Nikupe jibu fupi kwanza. Kwa dalili hizi, gesi yako haikuwa imeisha. Kompresa haijafa. Feni imesimama kweli, lakini imesimamishwa: imezingirwa na barafu mpaka haina pa kuzungukia. Na barafu hiyo imejaa kwa sababu mtambo mdogo wa kuiyeyusha, ambao kila friji ya nofrosti, yaani ile inayojiyeyushia barafu yenyewe, inao, umegoma. Ukinunua feni mpya leo na kuifunga bila kugusa mtambo huo, utapata siku tisa nyingine za furaha, basi.

Tuanze na gesi, maana ndiyo iliyokula pesa yako. Watu wengi huifikiria gesi ya friji kama ile ya mtungi wa jiko: unapika, inapungua, unakwenda kujaza. Sivyo. Gesi ya friji haichomwi wala hailiki. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa pande zote, inazunguka humo humo mwaka hadi mwaka, inachukua joto ndani na kwenda kulitupa nje. Ikipungua maana yake kuna tundu mahali, na tundu halizibwi kwa kuongeza gesi. Kwa hiyo anayekuambia "gesi imeisha" ana deni la kukuonyesha inapovujia na kukueleza ameziba vipi. Tena gesi ikivuja, friji haiponi kwa kupumzishwa siku mbili. Gesi iliyotoka haifanyi matanga ikarudi.

Utaniuliza: mbona alipojaza ilifanya kazi siku kumi? Angalia saa ulizoniandikia. Alikuja asubuhi, akaondoka jioni. Mchana kutwa friji imezimwa, milango wazi, jua la Tanga nje. Barafu iliyeyuka. Gesi ilipata sifa isiyoistahili. Simwiti tapeli, inawezekana na yeye aliondoka akiamini ameiponya, kwa sababu aliiacha ikipuliza baridi. Wengi wetu tumejifunzia hapo. Nilipoanza kazi hii nilimbadilishia mama mmoja feni mbili kwenye friji moja ndani ya mwezi. Ya kwanza ilipogoma nikasema ni feki. Ya pili ilipogoma, yule mama, bila hasira yoyote, akaniambia, "Mwanangu, hebu tazama na hayo mabarafu yanayoizunguka." Nilitazama.

Sasa ngoja nikuingize ndani ya friji yako, kwa sababu ukishaielewa hakuna atakayekubabaisha tena.

Friji za zamani, na zile ndogo za mlango mmoja, zina sahani ya baridi unayoiona kwa macho. Barafu hujijenga juu yake, nawe huizima mara moja moja ikayeyuka. Nofrosti imeificha koili ya baridi. Nyuma ya ule ukuta wa plastiki mweupe ulioko ndani kabisa ya friza, kuna koili ya mabomba yenye mapezi membamba ya aluminiamu, na karibu yake kuna feni moja. Ni hiyo moja tu. Feni inavuta hewa kupitia kwenye koili, hewa inatoka ya baridi kali, sehemu kubwa inabaki friza na sehemu ndogo inashushwa kwa njia ya siri ndani ya ukuta hadi huku chini kwenye maziwa yako. Sehemu ya chini haina koili yake. Baridi yote inayoipata ni ya kuletewa na feni. Ndiyo maana feni ikisimama, juu nyama inaendelea kuganda kwa uzembe kwa sababu iko jirani na koili, huku chini pamekuwa kabati la nguo.

Huo mgawanyo wa dalili, juu baridi na chini joto, ndio unaomwokoa kompresa wako na hukumu ya fundi wa pili. Kompresa iliyokufa haigandishi nyama popote.

Barafu inatoka wapi? Kila ukifungua mlango, hewa ya nje inaingia na unyevu wake. Hewa ya pwani, na hasa wakati wa masika, ni nzito kwa unyevu, na wewe unauza maji ya baridi kwa hiyo mlango unafunguliwa kutwa. Unyevu huo ukikuta koili iliyo chini kabisa ya sifuri, unaganda kwenye yale mapezi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka hita chini ya koili. Kila baada ya saa kadhaa za kazi (kwenye zile zenye taima ya kuzunguka mara nyingi ni kati ya saa 6 na 12) kompresa na feni husimama, hita huwaka kwa dakika kama 20 au 30, ukungu wa barafu unayeyuka na maji yanashuka kwenye kitundu, yanapita kwenye mpira hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na pale yanakauka kwa joto lake. Kazi hii hufanyika bila wewe kujua. Labda umewahi kusikia usiku mlio wa tsss, kama tone la maji limeangukia kikaango. Ndiyo hita hiyo.

Sasa kitu kimoja kwenye mnyororo huo kikatike. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya nne mapezi yameanza kuziba. Siku ya saba barafu imetoka kwenye koili, imefika kwenye feni, mapanga yanaanza kuigonga: krrr, krrr. Ukifungua mlango kelele inakoma kwa sababu swichi ya mlango huizima feni. Siku ya tisa barafu imeyashika mapanga kabisa. Kimya. Ule ukimya uliomshukuria Mungu ndio ulikuwa msiba wenyewe.

Niliwahi kufungua kava la friji kama yako hapa karakana mwaka jana. Nyuma yake hapakuwa na koili. Palikuwa na ukuta mweupe unene wa kiganja, na feni imezama ndani yake kama dagaa kwenye tofali la barafu la mvuvi. Panga moja tu ndilo lilichungulia, ncha yake imelika kwa kukwaruza.

Nisikudanganye lakini kwamba barafu ndiyo sababu pekee ya feni kusimama. Panya hukata waya, na hupenda joto la kule nyuma. Swichi ya mlango hufa, friji ikaamini mlango uko wazi siku zote na feni isizunguke kamwe. Mota ya feni yenyewe huungua, hasa baada ya kung'ang'ana na barafu wiki nzima. Bodi, yaani saketi inayoiongoza friji, nayo hupigwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Haya yote yapo. Tofauti yake ni kwamba hayaponi kwa kupumzishwa halafu yakarudi baada ya idadi ile ile ya siku. Siku tisa, kisha siku kumi: hiyo ni kalenda ya barafu.

Hata hivyo usinichukulie kwa neno tu, hakikisha mwenyewe. Kuna vipimo visivyohitaji bisibisi.

Fungua mlango wa friza huku friji inanguruma. Pembeni mwa fremu kuna kidude kinachobonyezwa na mlango ukifungwa. Kibonyeze kwa kidole na usubiri dakika moja au mbili, maana nyingine hazianzi papo hapo. Feni ikizunguka utasikia mvumo na utaona upepo usoni. Kama friji yako haina kitufe hicho ina swichi ya sumaku, basi tia mkono kwenye matundu ya hewa huku chini mara tu unapofungua mlango: yanatakiwa yatoe hewa inayouma vidole. Halafu tazama ule ukuta wa plastiki ndani ya friza. Ukiona theluji imeota juu yake, au umevimba kidogo katikati, barafu imeshaujaza upande wa pili na sasa inatafuta pa kutokea.

Kipimo kikubwa ni kuyeyusha kwa makusudi, na hiki unaweza kukifanya wewe mwenyewe bila hofu. Chomoa plagi, usizime kwa kitufe tu. Nyama na samaki watie kwenye kulabosi (boksi la kutunza baridi) pamoja na barafu, au mpe jirani mwenye friza akutunzie. Fungua milango yote miwili, tandika mataulo chini, chungulia trei ya nyuma isifurike. Iache saa 24. Naona watu wanaiacha saa tatu, wakiona kava limekauka wanawasha. Kava limekauka, lakini nyuma yake bado kuna gogo la barafu limekaa kivulini. Na hapa ndipo ile feni ya kusimama ya shemeji inapopata kazi: iweke mbele, ipulize ndani ya friza iliyo wazi, itaharakisha sana. Mabakuli ya maji moto ndani ya friza nayo yanasaidia, ukibadilisha yakipoa. Kikaushio cha nywele na jiko la mkaa, hapana.

Na kisu, hapana mara mbili. Yale mabomba ya aluminiamu ni laini, ncha ya kisu inapenya kama kwenye papai. Hapo ndipo utakapokuwa na tatizo la gesi la kweli. Tazama kibandiko nyuma ya friji au pembeni ndani: kimeandikwa aina ya gesi. Friji nyingi mpya zina R600a, ambayo ni aisobuteni, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, na inashika moto. Za nyuma kidogo zina R134a, isiyoshika moto ila inachangia sana joto la dunia. Ndiyo jamii ya gesi ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza mjini Kigali mwaka 2016. R600a huwekwa kidogo sana, makumi ya gramu, na kwa friji za nyumbani kikomo kilichozoeleka ni gramu 150. Ukiitoboa ukasikia ssss, usiguse swichi yoyote, fungua madirisha na milango, toka nje na watoto. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni. Jiko likiwa linawaka jirani, unanielewa.

Baada ya saa 24 kausha, washa, funga milango, usitie kitu kwa saa sita. Kisha bonyeza tena ile swichi. Kuna majibu mawili. Feni ikizunguka vizuri, haikuwa na kosa. Kosa liko kwenye mtambo wa kuyeyusha, na hesabu siku hadi itakapogoma. Isipozunguka kabisa ingawa barafu imeisha na kompresa inanguruma, basi mota, waya, swichi au bodi imehusika, pengine pamoja na hita. Kwako, kwa kuwa ilizunguka baada ya msiba na ikazunguka baada ya yule fundi wa gesi, nategemea jibu la kwanza. Ila kama safari hii imekwaruza kwa muda mrefu, usishangae mota nayo ikawa imechoka.

Wakati unasubiri, chukua noti ya elfu moja, ibane kwenye mlango uliofungwa, ivute. Zunguka nayo pande zote nne. Ikitoka bila ubishi mahali, raba ya mlango imelegea hapo na unyevu unaingia usiku kucha. Ioshe kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu, mara nyingi ni sukari ya juisi imeigandisha. Na funika madumu ya ukwaju. Juisi inayotiwa kwenye friji ingali ya moto na bila kifuniko inapandisha mvuke wote huo kwenye koili.

Jambo moja limenichekesha kidogo, na ni la kwetu hasa. Panapokatika umeme mara kwa mara, ugonjwa huu hujificha. Umeme ukikatika saa nyingi, barafu inayeyuka yenyewe, feni inapumua. Umeme ukitulia ndipo friji "inaharibika". Nimewasikia wateja wakilaumu umeme mzuri.

Sasa tuje kwa fundi, maana kuanzia hapa unamhitaji. Umeniuliza kama unaweza kufungua mwenyewe. Kava la friza linashikwa na skrubu mbili tatu zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, na plagi ikiwa imechomolewa si dhambi kulifungua. Lakini nakushauri usifungue. Lile kava lina boksi la foma nyuma yake linalovunjika kama mkate mkavu, mapezi ya koili yanakata vidole, na kupima hita wakati mwingine kunataka umeme uwe umewashwa. Huo ni umeme wa volti 230 mahali palipolowa. Mwachie mwenye mita ya kupimia umeme.

Ila simama naye, uangalie anachopima. Kuna vitu vitatu ndani vya kupimwa. Cha kwanza ni hita. Kwa mfano, hita ya wati 200 kwenye volti 230 inatakiwa isome karibu ohmu 265. Ikiwa mita haioneshi njia kabisa, imekatika. Cha pili ni fyuzi ya joto, kidude cheupe chenye waya mbili kilichofungwa karibu na koili. Huungua mara moja kuilinda friji isishike moto, na haijirudishi. Cha tatu ni baimeto, kiduara mfano wa kifungo cha koti kilichobanwa kwenye bomba. Kazi yake ni kuruhusu hita iwake pakiwa na baridi na kuikata pakipata joto. Hapa mafundi wengi huteleza: wanaipima mezani, kwenye joto la Tanga, wanaikuta imekata, wanasema imekufa. Mezani lazima ikate! Ipimwe ikiwa imelala ndani ya barafu yenye chumvi kwa dakika kadhaa. Ikikataa kuunga pale ndipo imekufa. Kwenye friji yenye bodi, badala ya baimeto na taima huwa kuna sensa (kihisi joto) na programu, na hapo fundi aangalie kama kuna taa inayopepesa kwa mpangilio, maana ndiyo friji inavyotaja ugonjwa wake.

Akikuambia "nitaunga moja kwa moja", yaani aruke fyuzi au baimeto kwa kipande cha waya, mkatalie papo hapo. Friji itafanya kazi, tena vizuri, mpaka siku taima itakapokwama na hita ibaki imewaka ndani ya boksi la plastiki na foma. Nimeona kava lililoyeyuka likaning'inia kama nta. Fyuzi hiyo ni kitu kidogo cha bei ndogo, anunue nyingine.

Na kama feni nayo ya kubadilishwa, uende dukani ukiwa na ile ya zamani mkononi, au fundi aende nayo. Kwa Kariakoo utaambiwa "zote sawa hizi". Si sawa. Feni za friji za kitambo nyingi zina waya mbili na zinatumia umeme wa nyumbani moja kwa moja. Nyingi za miaka hii zinatumia volti 12 kutoka kwenye bodi, zina waya tatu au nne, na waya mmoja kazi yake ni kuiarifu bodi kwamba feni inazunguka. Ukiiunga ya volti 12 kwenye umeme wa ukutani inakufa kabla hujatoa mkono. Ukifunga ya waya mbili mahali pa waya tatu, bodi haipati taarifa, nayo inaweza kuizima. Linganisha volti zilizoandikwa mgongoni, urefu wa shafti, na upande mapanga yanaposukumia upepo. Yakiwa kinyume hewa inapigwa ukutani, feni inazunguka mchana kutwa na chini pabaki joto, nawe utasema fundi amekuroga.

Kuhusu ushauri wa shemeji: kupuliza upepo nyuma ya friji husaidia pale kompresa inapochemka kwa kukosa hewa. Yako haiumwi huko. Acha nafasi ya kama sentimita 10 nyuma, usiiweke ubavuni mwa jiko, inatosha. Kuta za pembeni zikiwa na joto usishtuke, friji nyingi za sasa hutoa joto kupitia hapo.

Je, inafaa kutengeneza au ununue nyingine? Miaka minne ni friji changa. Hita, fyuzi na baimeto ni vipuri vya kawaida, na hata feni ikiongezeka bado hujakaribia bei ya friji mpya. Nitakachosita ni bodi. Ikithibitika bodi imekufa na bei yake pamoja na ufundi inafika nusu ya friji mpya, kaa chini ufikirie. Kama pesa haipo mwezi huu, unaweza kuishi kwa kuiyeyusha kila Jumapili kabla ya siku ya tisa. Si uganga, ni kazi ile ile ya hita unaifanya kwa mkono, ila unapoteza siku moja ya biashara kila wiki.

Na hapa niseme la moyoni. Friji ya nofrosti ya nyumbani haikuumbwa kwa ajili ya genge. Mlango unaofunguliwa kila mteja anapopita unaivutia unyevu mwingi kuliko hita inavyoweza kuyeyusha hata ikiwa nzima. Biashara ikikuruhusu, tafuta friza ya kulala, ile ya kifuniko cha juu, hata ya mtumba iliyopimwa vizuri. Nyingi hazina feni wala hita ndani, baridi yake haimwagiki ukifungua, na barafu yake unaiona. Hii ya nofrosti ibaki na maziwa na mboga za watoto.

Katika kipindi hiki cha matengenezo usiyaamini macho. Weka kipimajoto kwenye glasi ya maji rafu ya katikati, ukisome asubuhi: chini kunatakiwa kuwe karibu nyuzi 4, friza 18 chini ya sifuri. Maziwa, nyama iliyopikwa na wali vilivyokaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili, usivionje kujaribu. Na kama kuna mtu nyumbani ana insulini, ihamishe leo. Inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji hii kwa sasa haiwezi kukuahidi hizo.

Usisubiri kipimo chochote, chomoa plagi na uite fundi siku hiyo hiyo, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukipigwa shoti hata ndogo unapogusa mlango, plagi au soketi ikiwa imebabuka, ukiona alama ya mafuta kwenye bomba, au kompresa ikijaribu kuwaka na kukata kila baada ya dakika chache kwa mlio wa "tak". Hayo si mambo ya barafu.

Anza na kuyeyusha Jumamosi jioni, genge likifungwa. Ukishawasha, chukua kalamu ya wino mzito uandike tarehe kwenye ule ukuta wa plastiki ndani ya friza. Fundi atakapokuja, kabla hajafungua begi, mwoneshe tarehe hiyo na umwambie imegoma siku ya ngapi.